Miwani Inayosoma Haitakufungia Hesabu za Mwezi

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nina miaka 41, ni karani wa hesabu katika kampuni ya usambazaji. Hospitali wamethibitisha kuwa nina retinitisi pigmentosa. Usiku sioni, pembeni nako kumefunga, ila katikati bado nasoma. Tangu mwaka jana nakosea kuingiza tarakimu. Mara malipo ya mteja huyu nayaandika kwenye mstari wa mwingine. Nimekuza maandishi ya skrini hadi mwisho lakini makosa yanazidi. Kazini hakuna anayejua. Kuna mtu ananiuzia miwani yenye kamera na akili mnemba, anasema itanisomea kila kitu sikioni na hakuna atakayegundua. Bei yake ni mshahara wangu wa miezi mitatu. Niinunue, au niache kazi nikasomee kazi zinazowafaa wasioona?

JIBU: Miwani usinunue, na kazi usiache. Lakini kwanza tuyamalize hayo makosa ya tarakimu, kwa sababu unayaongeza mwenyewe bila kujua.

Ugonjwa wako hula pembeni kwanza. Hukosei kwa kuwa tarakimu ni ndogo. Unakosea kwa kuwa uwanja wa kuona uliobaki ni mwembamba, na kadiri unavyokuza skrini ndivyo tarakimu chache zaidi zinavyoenea ndani yake. Jina la mteja liko kushoto kabisa, kiasi kiko kulia, na jicho likisafiri kati ya hivyo viwili linatua mstari wa juu au wa chini. Ukuzaji mkubwa humfaa aliyeharibikiwa katikati ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Mwenye uwanja mwembamba humpoteza. Tafuta maandishi madogo kabisa unayoweza kuyatambua ukiwa umetulia, kisha ufanyie kazi ukubwa wa mara mbili hadi tatu ya hayo, usizidishe. Kama unatambua pointi 8, basi pointi 16 hadi 24 zinakutosha. Gandisha safu ya majina na mstari wa vichwa ili visipotee unapotembeza lahajedwali, kama Excel. Ficha safu usizozihitaji ili jina na kiasi vikae jirani. Kama mwanga unakuchoma, tumia maandishi meupe au ya njano juu ya nyeusi, na geuza meza ili dirisha liwe ubavuni, si nyuma ya skrini wala mgongoni kwako. Hayo yote hayana gharama na unaweza kuyafanya leo.

Kliniki nako rudi, ukaulize mambo mawili ambayo wengi hawaulizi. La kwanza: je, kuna mtoto wa jicho au uvimbe wa maji katikati ya retina? Vyote viwili huwapata mara nyingi wenye ugonjwa huu, na vyote vina matibabu, hata kama ugonjwa wenyewe hautibiki kwa njia hizo. La pili: uwanja wako umebaki nyuzi ngapi? Omba majibu ya kipimo hicho kwa maandishi. ICD-10, uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, humhesabu kuwa asiyeona mtu ambaye uwanja wake katika jicho bora hauzidi nyuzi 10 kuzunguka kitovu cha kuona, hata kama katikati bado anasoma vizuri. Karatasi hiyo utaihitaji utakapozungumza na mwajiri.

Sasa miwani. Nasikitishwa kuliko yote na dhana kwamba mtu anapopoteza uoni anachokosa ni sauti ya kumsomea tu. Karani hasomewi hesabu. Karani huingia seli, yaani kisanduku, D47, husikia kilichomo, hukifuta, huandika kingine, hurudi kwenye ankara kulinganisha, hukagua jumla, huhifadhi. Miwani yenye kamera inapiga picha ya skrini yako, inatambua herufi, kisha inakutiririshia kila kitu kutoka juu hadi chini: jina, tarehe, namba, namba, namba. Haikuambii uko safu gani, hairudi nyuma kwa seli moja, haiandiki chochote. Utambuzi wa herufi kutoka kwenye picha huchanganya 3 na 8, 1 na 7, hudondosha nukta ya desimali, na huyameza mabano yanayoonyesha kiasi hasi. Mtambo wa akili mnemba una hatari ya zaidi: usipoiona tarakimu vizuri unaweza kukutajia nyingine inayofanana na ukweli, kwa sauti ileile ya uhakika. Kwa kusoma lebo ya chupa au kibao cha mlangoni vifaa hivi vina msaada wa kweli, na kwenye simu kuna programu za bure zinazofanya kazi hiyohiyo. Kwa leja, hapana.

Unachohitaji ni kisoma skrini, yaani programu ya kompyuta inayotamka kilichopo kwenye skrini. Hiki hakipigi picha. Kinaiuliza programu yenyewe kilichomo ndani ya seli na kukitamka, kwa hiyo 8 itabaki 8. Anza na NVDA, ambayo ni ya bure, ilianzishwa mwaka 2006 na inatumika kwenye Windows. Ina sauti ya Kiswahili ndani yake, lakini kama mfumo wa kazini umeandikwa kwa lugha nyingine, tumia sauti ya lugha hiyo, la sivyo maneno yatatamkwa ovyo.

Kabla ya kisoma skrini chenyewe, kibodi. Vidole vyako vijue nundu za F, J na ile ya 5 kwenye vitufe vya namba, na macho yasishuke tena. Watu huruka hatua hii halafu wanailaumu programu. Vidole vikishazoea, ingia kwenye lahajedwali. Kila ukisogeza mshale, NVDA inataja kilichomo na anwani ya seli. Simama kwenye seli ya kwanza ya mstari wa vichwa ubonyeze kitufe cha NVDA, ambacho ni Insert au Caps Lock, pamoja na Shift na C. Kuanzia hapo ukivuka safu utasikia kichwa chake kabla ya kiasi. Kwa safu ya majina tumia R badala ya C, na ukishuka mstari utatajiwa jina la mteja. Kosa lako la kumwandikia mteja mwingine linazibwa hapo hapo, kwa sababu sikio linapata jina ambalo jicho limelikosa. Alama hizo hubaki ndani ya faili ukilihifadhi. Ukishuku tarakimu, bonyeza NVDA na Tab mara mbili haraka, isomwe herufi kwa herufi. Ctrl na mshale hukurusha hadi mwisho wa data, F2 hukuingiza kuhariri. Seli zilizounganishwa zitakusumbua, zitenganishe. Wadeni waliowekewa rangi nyekundu tu, waongezee safu yenye neno "deni", maana rangi haisikiki.

Fanya mazoezi saa moja kila siku kwa nakala ya faili la mwezi uliopita, si la mwezi huu. Anza sasa ukiwa bado unaona katikati, kwa kuwa jicho litakusaidia kuhakiki unachosikia. Anayesubiri giza likamilike hujifunza kifaa kipya, kazi na huzuni kwa wakati mmoja, na mara nyingi kazi ndiyo inayoanguka.

Kisha upime mfumo wa hesabu wa kampuni, kwa sababu huo ndio unaoamua mengi. Omba ruhusa ya kuweka programu hiyo kwenye kompyuta ya kazini, chomoa kipanya, pita kwa Tab na mishale, sikiliza. Kitufe kikitamkwa "kitufe" tu bila jina, kiandike. Jedwali likinyamaza, liandike. Kama mfumo unafunguliwa kwa mbali kwenye seva, unaweza kukuta kimya kabisa: kompyuta yako inapokea picha tu ya kinachoendelea kule, na kisoma skrini kinahitaji kuwepo upande wa pili pia. Mara nyingi suluhisho ni toleo la kivinjari la mfumo huohuo, au kutoa data kwenye lahajedwali na kuirudisha. Ankara za PDF zilizoskaniwa ni picha. NVDA na R hutambua maandishi yake kwenye Windows 10 na kuendelea, lakini kiasi cha humo kihakiki daima kwa jumla ya ankara. Afadhali zaidi, waombe wasambazaji watume PDF halisi kutoka kwenye mifumo yao. Ombi dogo hilo huondoa kazi kubwa.

Halafu zungumza na mwajiri, na usichelewe. Hapa sitalainisha maneno: katika kazi ya fedha, kuficha ni hatari kuliko upofu wenyewe. Kosa la tarakimu lisilo na maelezo huonekana uzembe, likijirudia huonekana wizi. Ukishaitwa kwenye kikao cha nidhamu, maelezo ya macho yatasikika kama kisingizio hata kama ni kweli tupu. Nenda mapema, ukiwa na karatasi moja: kazi zako zote za mwezi, na mbele ya kila moja uandike kama inabaki ilivyo, inabadilika njia, au unaomba kubadilishana na mwenzako. Kusoma stakabadhi zilizoandikwa kwa mkono, kwa mfano, mpe mwenzako, nawe umchukulie usuluhishi wa benki, yaani kulinganisha leja na taarifa ya benki. Omba vitu vinavyotajika: ruhusa ya programu, kisikio cha sikio moja ili lingine libaki kwa watu, miezi miwili ambayo jumla zako zitahakikiwa na mtu wa pili, na kujulishwa kabla mfumo haujasasishwa. Hilo la mwisho wengi hulisahau. Sasisho moja linaweza kunyamazisha skrini iliyokuwa inasomeka jana, na mtu aliyekuwa anafanya kazi vizuri akaonekana ameshindwa ghafla.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, wa mwaka 2006, unazungumzia marekebisho ya aina hii katika ibara ya 27, na unataja waziwazi waliopata ulemavu wakiwa tayari kazini. Uliza sheria ya kazi ya nchi yako inasemaje kabla hujasaini chochote, hasa barua ya kuacha kazi "kwa hiari".

Kuhusu kwenda kusomea kazi zinazowafaa wasioona: hakuna orodha hiyo. Kuna kazi zinazodai macho kweli, kama kuendesha gari, na kuna kazi nyingine zote, ambazo huchambuliwa hatua kwa hatua kama ulivyoonyeshwa hapo juu. Wewe una mwajiri anayejua utendaji wako na una uzoefu wa leja. Ukitoka, utakuwa mwombaji mgeni mwenye fimbo nyeupe mbele ya mtu asiyekujua, na huko ndiko mlango ulivyo mzito.

Neno hili sasa liwafikie na wengine. Wauzaji wa miujiza wameongezeka, na wote wanauza njia ya mkato. Yupo anayetoa cheti cha kompyuta kwa wasioona kwa mafunzo ya siku mbili. Siku mbili hazitoshi hata kuvizoesha vidole kibodi. Wapo waajiri wanaonunua kifaa ghali, wakakiweka mezani bila mkufunzi, kisha wakaandika kwamba mfanyakazi "amepewa msaada akashindwa". Wapo wa matone, mazoezi ya macho na sindano za seli shina wanaoahidi kurudisha retina. Tiba ya jeni iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017 ipo kweli, lakini ni kwa wenye hitilafu katika nakala zote mbili za jeni iitwayo RPE65 na ambao bado wana seli hai za retina, nao ni wachache. Anayekutoza fedha kwa "tiba ya jeni" bila kwanza kukuonyesha majibu ya kipimo cha jeni anakuibia.

Muuzaji wako wa miwani mwambie akuachie uijaribu nusu saa kwa faili lako la mazoezi, lenye majina ya kubuni. Mwambie arekebishe kiasi kimoja kwenye seli akiwa amefumba macho, kwa kutumia miwani hiyo tu. Muulize picha za skrini zinatumwa kwenye seva ya nani, kwa sababu nyaraka za wateja si zako kuzigawa, na hilo peke yake linaweza kukufukuzisha kazi. Muulize pia miwani inafanya nini intaneti ikikatika saa kumi jioni ya siku ya kufunga mwezi.