Usiupande ukutani: maua ya buluu ya kutambaa yalivyonivua paa

Dada wa Fuoni, mwambie kijana asije Jumamosi. Umeandika kwamba atakuchimbia shimo chini ya ukuta wa jikoni, mche wa maua ya buluu upande mpaka kwenye bati ukupunguzie joto la jioni. Umeuliza mbolea gani, maji mara ngapi, kama utastahamili upepo wa bahari, na kwa nini bogenvilia yako ya mlangoni inatoa majani tu. Hayo yote yaweke kando kwanza. Shimo lenyewe umelipangia mahali pabaya, na nnalijua shimo hilo kwa sababu nilichimba la kwangu mahali kama hapo, kwetu Wete, Pemba, vuli ya mwaka 2018.

Kama majani ya mche wako ni mapana, yamekaa mawili mawili yakitazamana na yanakwaruza kidogo ukiyapapasa, na picha uliyooneshwa ni ya ua la buluu inayokaribia urujuani, kooni lina umanjano hafifu, basi ni thunbegia. Asili yake India na nchi za jirani. Ni ua zuri, sikatai. Kwetu lilichanua karibu mwaka mzima, na kila asubuhi nyuki wale wakubwa weusi walikuwa wakiingia na kutoka. Mama alikuwa anahamishia kiti chake dirishani ili alitazame. Ndiyo maana nilichelewa kulikata.

Nyumba yetu ni ya zamani, kuta za mawe na chokaa, juu kenchi na bati. Niliupanda mche kama hatua moja kutoka ukutani, nikauwekea fito mbili za kuanzia. Miezi mitatu ya mwanzo ulikuwa umedumaa, nikaudharau. Ilipoingia masika ya 2019 ukaondoka. Ukilala usiku ncha iko kwenye kizingiti cha dirisha, baada ya siku chache imeshapita kizingiti cha juu. Kabla ya Idi ulikuwa umefika kwenye ukingo wa paa, na majirani wanasimama barabarani kuupiga picha.

Sasa hapa ndipo nnapotaka unisikilize vizuri. Mmea huu haunati ukutani kwa vijizizi, unasokota. Ncha yake inatafuta kitu cha kuzungukia, na kwenye ukingo wa paa vitu vya kuzungukia viko tele: msumari, ubao wa papi, waya wa umeme, bomba la kushushia maji ya mvua. Unaingia baina ya bati na ukuta ukiwa mwembamba kama njiti ya kibiriti. Huuoni. Ukishakuwa ndani ndipo unanenepa. Baada ya mwaka na nusu ile njiti imekuwa nene kama kifundo cha mkono wangu, na bati lililokuwa limelala juu ya ubao sasa limelala juu ya shina. Misumari inanyanyuka mmoja mmoja, polepole, na chini wewe unaona maua tu.

Maua yenyewe yanaanguka kila siku, pamoja na majani. Sisi tunakinga maji ya mvua. Mlizamu ulijaa taka, maji yakakosa njia, yakawa yanarudi nyuma chini ya bati na kushuka ndani ya ukuta. Ukuta wa mawe na chokaa unaweza kuloa ukakauka, ukaloa tena ukakauka, miaka mia, ilimradi jua na upepo viufikie. Wangu ulikuwa umevikwa blanketi la majani mabichi. Haukupata kukauka. Lipu ikaanza kuvimba, ukiigonga inatoa sauti ya utupu. Nilidhani ni chumvi tu, nikaipaka rangi.

Mei 2020, masika yanaelekea kwisha na kusi imeshaanza kuvuma. Hebu ufikirie mzigo ule wote wa majani umelowa maji, umekaa juu ya paa, upepo unausukuma kama tanga la jahazi. Saa nane za usiku nikasikia mlio kama mtu anapasua gunia. Mabati yalitoka upande mzima wa chumba cha mama. Mvua ikawa inamwagika kitandani kwake. Nilimkuta amekaa pembeni ya ukuta, amejifunika mkeka, ananiuliza kama mlango wa nje umevunjwa na wezi. Mama yangu alikuwa na miaka sabini na mbili. Ubao uliodondoka ulianguka kwenye mto wake, naye alikuwa ameamka dakika chache tu kabla, kwenda msalani. Nikiandika hapa mikono inanitetema.

Mabati 16, kila moja shilingi 28,000. Mbao za papi na kenchi 310,000, kwa sababu zilizofunikwa na mmea zilikuwa zimeshaoza. Fundi 250,000. Kubandua lipu iliyovimba na kuipiga upya 180,000. Vijana wawili wa kushusha mmea juu ya paa, 80,000. Jumla 1,268,000, na mche nilinunua 3,000.

Aliyeniuzia mche ana kitalu chake njia ya Chake Chake. Nilimuuliza, na namkumbuka alivyosimama akijibu: nyumba yangu ya mawe, je, mmea huu hautanibomolea? Akasema, "Si mti huo, ni kamba tu. Hauna mizizi ya kubomoa. Ukikuchosha unaukata pale chini, unakufa wenyewe." Maneno hayo yote matatu ni uongo, na la tatu ndilo baya zaidi. Nina uchungu naye mpaka leo kwa jambo moja: mmea mama, ule anaoutolea vipandikizi, yeye kaupanda katikati ya uwanja, peke yake, kwenye kichanja cha mabomba, na kuuzunguka pande zote kamwaga changarawe. Nyumba yake iko mbali kabisa. Aliujua. Niliuona kwa macho yangu siku ile na sikumuuliza kwa nini. Wewe ulipewa mche wako kama zawadi, aliyekupa huenda hajui lolote, lakini aliyeuuza alijua.

Kuhusu kuukata chini ukafa: nilikata, sentimita tano juu ya ardhi, siku ya pili ya msiba ule. Baada ya wiki mbili kulikuwa na machipukizi kumi na moja. Nikachimba, nikakuta viazi. Viazi hasa, kama mihogo iliyonenepa, vimeshuka chini na kwenda pembeni mpaka chini ya kibaraza. Huko ndiko unakoweka akiba yake. Queensland, Australia, ambako mmea huu unahesabiwa kuwa gugu, wameshachimba viazi vyake vya hadi kilo 70. Changu kikubwa nilikipima kwenye mzani wa duka la jirani, kilo 9, na kipande chake kilichobaki ardhini kikaota tena.

Halafu nikaongeza kosa juu ya kosa. Vile vikonyo tulivyoshusha juu ya paa, mikokoteni minne, niliambiwa na mmoja wa wale vijana tuvitupe bondeni nyuma ya nyumba vioze. Havikuoza. Kila kipande chenye kifundo, pale majani yanapotokea, kikigusa udongo wenye unyevu, kinatoa mizizi. Masika yaliyofuata mzee wa jirani akanijia baada ya Alasiri, akanisalimia vizuri, akaniuliza hali ya mama, ndipo akasema, "Mwanangu, maua yako yamo juu ya mikarafuu yangu." Mikarafuu minne. Mtu wa Pemba hahitaji kuelezwa maana yake. Tawi la mkarafuu ni tete, wachumaji wanalijua hilo kwa kuanguka, na mmea ulikuwa umeshayavunja matatu kwa uzito wake tu. Sikuwa na la kusema. Kila Jumapili kwa miezi kumi na minne nilikuwa bondeni kwa yule mzee nang'oa. Hakunidai hata senti, na hilo lilinielemea kuliko angenidai.

Kilichonisaidia mwisho wake ni subira tu. Chipukizi likitokeza, ling'olewe kabla halijafungua majani mapana, kila wiki bila kuruka, kwa sababu kiazi kinakula akiba yake kulitoa na kisipopata majani kinadhoofika. Vipande vyote nilivitandika juu ya bati bovu wakati wa kaskazi, jua kali, mpaka vikawa vinakatika kwa mlio, ndipo nikavichoma. Usivitie kwenye shimo la mboji. Usivitupe barabarani. Usimpe mtu.

Basi kanuni yangu ni hii, na nakuomba uishike hata ukisahau mengine: mmea wa kusokota upandwe mahali ambapo unaweza kuuzunguka wote kwa miguu yako, na ncha yake ya juu uifikie kwa mkono ulionyooshwa, umesimama chini. Kama huwezi kuuzunguka, hapo pana upande ambao hutauona, na upande huo ndio utakaoingia. Kama huwezi kuufikia, utasubiri ngazi, ngazi ya kuazima, na fundi wa kupanda, na hutaukata. Ukutani huuzunguki. Paani huufikii. Kwa hiyo si ukutani, si paani, si kwenye nguzo ya umeme, si kwenye mwembe. Nyumba yako ni ya matofali, najua utaniambia hivyo, lakini bati lako na langu ni bati moja.

Kama uani kwako kuna nafasi ya hatua tano kutoka ukutani, hapo uwekewe kichanja cha mabomba ya chuma, si cha miti, mchwa watakula miti kabla ya mwaka wa pili na mzigo utaanguka. Kimo chake kiwe pale mkono wako unapofika. Chini yake uweke benchi na utapata kivuli hicho hicho unachokitaka, tena cha kukalia. Na ukate kila mwezi wakati wa mvua, usisubiri maua yaishe maana hayaishi. Ukiona hatua tano huna, rudisha mche, panda pesheni. Nayo inapanda sana, lakini inashika kwa vikonyo vyembamba unavyovikata kwa mkasi, na matunda utakunywa. Mama sasa anakaa chini ya pesheni. Anasema ua la buluu lilikuwa zuri zaidi, nami namwambia ni kweli.

Mbolea umeuliza: hakuna. Ukiutilia samadi huo utakukimbilia mbinguni. Na bogenvilia yako acha kuimwagia maji kila siku, iache udongo ukauke kabisa baina ya siku za maji, ipate jua la kutosha, na iache samadi pia. Inajaa majani kwa sababu unaishibisha. Ikatwe ncha, itachanua kwenye matawi mapya.

Mche wako usiutie ardhini. Ubakishe kwenye mfuko wake, kivulini, juu ya saruji na si juu ya udongo, umwagie maji kidogo, hautakufa wiki mbili tatu. Jioni ya leo toka uani, simama umeegemeza mgongo ukutani, hesabu hatua mpaka kwenye uzio, kisha uje hapa utwambie ni ngapi.