Bakteria wangu hawaendi kwenye chakula: je, wamepoteza hisi?

Swali: Nilikuza E. coli usiku kucha kwa nyuzi 37 katika mchuzi wenye glukosi, nikawaosha kwa sentrifuji ya kasi na kuutikisa mrija kwa mashine. Chini ya hadubini nikaweka pembeni tone la aspatati (asidi ya amino inayowavutia) ya mola 1 kwa lita. Hakuna hata mmoja aliyegeuka kulifuata. Tatizo ni nini?

Jibu: Kabla ya kuwalaumu, hakikisha bado wana mikia ya kuogelea (flajela). Glukosi huzima utengenezaji wake, nyuzi 37 huupunguza, na mtikiso hukata ile iliyopo, kwa kuwa ina unene wa nanomita 20 tu. Kuza kwa nyuzi 30 katika mchuzi wa triptoni, vuna wakiwa bado wanaongezeka (OD, yaani kipimo cha ukungu wa mchuzi, karibu 0.5), zungusha kwa kasi ndogo, kisha geuza mrija taratibu kwa mkono. Bafa, yaani kimiminika cha kuwaoshea kinachodhibiti pH, iwe fosfati milimola 10, pH 7, na EDTA milimola 0.1 ya kunasa metali zinazowadhoofisha.

Lakini hata wangekuwa na mikia yote, usingemwona yeyote akigeuka, na hapa ndipo watu wengi wanapopotoka. Bakteria hana usukani. Mota zilizo kwenye mashina ya mikia zikizunguka kinyume cha saa, mikia hujifunga pamoja naye hukimbia moja kwa moja kwa kama sekunde moja. Mota moja ikigeuza mzunguko, fungu hufumuka, anapinduka, kisha anaondoka upande wowote ule. Anachoweza ni kulinganisha hali ya sasa na ya sekunde chache zilizopita. Aspatati ikiongezeka, kipokezi chake kiitwacho Tar huituliza protini CheA, fosfati hupungua kwenye CheY (protini inayopeleka ujumbe kwa mota), na bakteria huchelewa kupinduka. Mbio za upande mzuri hurefuka kidogo, basi. Mwaka 1972 watafiti Macnab na Koshland waliwachanganya bakteria wa Salmonella ghafla na serini, kivutio kingine, iliyoenea sawa pande zote: wakaogelea bila kupinduka kwa muda, ingawa hapakuwa na mahali pa kuelekea.

Mola 1 nayo ni kosa. Vipokezi hujaa, na vikishajaa hakuna ongezeko linalohisiwa. Tena aspatati isiyosawazishwa ni asidi, na asidi huwafukuza. Tumia kapilari (mirija myembamba sana) za mikrolita 1 zenye aspatati ya viwango kuanzia mikromola 1, ukipanda mara kumi kumi hadi milimola 100. Ziache saa 1 kwa nyuzi 30 ncha zikiwa ndani ya bakteria, osha upande wake wa nje, kisha hesabu walioingia kwa kuwaotesha.

Usikubali kabisa njia ya mkato ya karatasi iliyolowekwa kwenye agari ngumu. Watu huona duara tupu na kutangaza dawa ya mimea "inayofukuza bakteria", kisha wanaiuza kwa jina hilo. Kwenye agari ya asilimia 1.5 E. coli hawaogelei! Duara hilo ni la waliokufa au walioshindwa kuota, hakuna aliyekimbia. Anayedai kufukuza au kuvuta akuonyeshe kapilari yenye bafa tupu, na nyingine ambayo kemikali iko kwa kiwango kilekile ndani na nje. Kisha akuonyeshe aina isiyo na CheY, inayoogelea mfululizo bila kuweza kuitikia kemikali: ikiingia kwa wingi sawa na aina ya kawaida, alichopima ni kusambaa tu.