Kifusi cha nyumba ya zamani: kijaze, lakini kichambue kwanza

Swali la wiki lilikuwa hili: nyumba ya zamani ikibomolewa, kifusi chake kinafaa kujazia msingi wa nyumba mpya, au ni bora kukitupa na kununua moramu (udongo wa changarawe)? Kinafaa, tena sana. Kinachoharibu kazi ni mazoea ya kuangusha ukuta, dari na mbao kwa pamoja, kisha tingatinga likavuruga kila kitu. Kifusi huchambuliwa nyumba ikiwa bado imesimama.

Anza juu, shuka chini. Mabati, kenchi (mbao zinazobeba paa), dari, fremu, nyaya na mabomba vyote vitoke kabla ukuta haujaguswa. Mbao ikifukiwa chini ya jamvi, yaani sakafu ya zege, kwa mchwa wa Dodoma haitakaa. Ikishaliwa panabaki uwazi, na mchwa wanatafuta njia ya kupanda kwenye fremu mpya. Jipsam ya dari nayo ni adui. Ina salfeti (chumvi ya salfa), na ikipata unyevu salfeti hiyo huingia kwenye saruji, zege likavimba na kupasuka. Okota hata vipande vidogo. Udongo wa kuta za tembe au wa tofali mbichi uweke pembeni, kwa sababu ukilowa unalainika na mara nyingi una majani na vijiti ndani. Utumie kusawazisha uwanja.

Kinachobaki ndicho kifusi chenyewe: bloku, zege, mawe, tofali za kuchoma. Ukuta wa bloku za inchi 6 wenye urefu wa mita 10 na kimo cha mita 3 ni mita za ujazo 4.5, ukivunjwa unaweza kufika 6 au zaidi, kwa sababu ya hewa katikati ya vipande. Hewa hiyo ndiyo ya kuondoa. Chumba cha mita 4 kwa 4 kinachojazwa sentimita 45 kinahitaji mita za ujazo 7.2 zilizokwisha kushindiliwa, kwa hiyo andaa kama 9 au 10 za kifusi kilicholegea.

Vunja vipande visizidi sentimita 7 hivi. Bonge kubwa huacha mwanya chini yake ambao hakuna kompakta (mashine ya kushindilia) itakayoufikia. Mwaga tabaka la sentimita 15, sambaza moramu au mchanga ujaze mianya, nyunyiza maji, shindilia, ndipo uweke tabaka linalofuata. Maji ya Dodoma wakati wa kiangazi ni ghali, na hapo ndipo wengi wanaposhindilia pakavu. Vumbi linatimka na chini hapashiki. Chota ile moramu iliyonyunyiziwa maji, uifinye: ishikamane bila kulowesha kiganja. Tabaka likiiva, kishindilio kinadunda badala ya kuzama.

Ukijaza sentimita 45 kwa mkupuo, juu patakuwa pagumu na chini patupu. Mvua zikija, maji yanapenya, udongo laini unashuka kwenye mianya, na jamvi linapasuka sambamba na ukuta. Kosa jingine ni kushindilia kwa nguvu kando ya ukuta wa msingi uliojengwa jana, utasukumwa nje. Upe wiki moja, tena jaza pande zote mbili kwa pamoja.

Kama kiwanja ni cha udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka kiangazi na kuvimba masika, kifusi peke yake hakitauzuia. Uondolewe kwanza, na kina aamue mhandisi.

Juu ya tabaka la mwisho tandaza mchanga sentimita 5 ili ncha za kifusi zisitoboe nailoni ya jamvi. Wala usishawishike kutumia kifusi badala ya kokoto kwenye zege la lenta (mkanda wa juu ya milango na madirisha), nguzo au boriti. Lipu kuukuu inanyonya maji ya zege na nguvu inapungua.

Paa la asbesto ni jambo jingine kabisa. Lilowesheni, mfungue bila kuvunja wala kukata, mlifunge kwenye nailoni nene. Vumbi lake linaua mapafu na halifai kuingia kwenye kifusi cha aina yoyote.

Kitakachozidi kisimwagwe korongoni. Makorongo ya Dodoma yako makavu sehemu kubwa ya mwaka, ndiyo maana malori yanayaona kama majalala. Desemba hadi Aprili maji yanakosa njia na kuingia kwenye nyumba za watu. Ulizeni ofisi ya mazingira ya halmashauri sehemu inayoruhusiwa kabla lori halijapakiwa.