Teke halimwangushi mnyama wa tani mbili

Ndugu, umeuliza kama mashujaa wa hadithi yako wapigane na dubwana la ziwani kwa karate na judo. Hapana. Kabali na mieleka vilibuniwa kwa mwili wa binadamu, shingo inayoshikika na uzito unaokaribiana. Hata kiboko wa kawaida wa hapa Dunga, ufuoni mwa Ziwa Victoria, hupita tani moja, na nchi kavu hufikia kilomita 30 kwa saa. Anza na miguu: wafunzwe kumpisha kwa mshazari, si kurudi nyuma.

Kisha mkuki. Wawindaji wa nguruwe mwitu Ulaya waliweka kipingo chini ya ncha, maana mnyama aliyechomwa huendelea kusonga mpaka amfikie aliyeshika mpini. Hapo una mtindo mzima: mmoja azuie, wawili wachome ubavuni.

Udhaifu wa dubwana pia uamue mapema. Lwanda Magere, shujaa wa ngano za Wajaluo, mwili wake ulikuwa jiwe, maadui wakamuua kwa kuchoma kivuli chake. Adui wa namna hiyo anahitaji wapiganaji wanaosoma jua kwanza. Huku kwetu karibu na ikweta, saa sita mchana kivuli hakionekani sana. Mimi ningeliweka pambano saa kumi na moja jioni.