Nimejiondoa kwenye orodha, barua taka zikaongezeka

Ndugu, unasema ulibonyeza kiungo cha kujiondoa kwenye barua pepe za matangazo, na badala ya kupungua zikazidi. Kiungo hicho hufaa kwa mtumaji halali tu. Tapeli hukitumia kujua kwamba anwani yako ina mtu anayeisoma. Usiyemfahamu, usimbonyezee: iwekee barua yake alama ya barua taka, chujio lijifunze. Zuia pia picha zisijifungue zenyewe, maana picha ya pikseli moja, yaani nukta ndogo usiyoiona, inatosha kumjulisha mtumaji kwamba umefungua.

Kwa kampuni unayoijua, jiondoe na uandike tarehe. Sheria ya Marekani ya CAN-SPAM ya 2003 inaipa siku 10 za kazi iache kukutumia, na kila tangazo lazima liwe na anwani halisi ya posta. Udhaifu wake mkubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba inaruhusu kukutumia kwanza bila kukuomba. Mpokeaji wa kawaida hawezi kushtaki kwa sheria hiyo. Hupeleka malalamiko FTC, tume ya biashara ya serikali ya Marekani. Umoja wa Ulaya, na Kanada tangu Julai 2014, hutaka ridhaa kwanza.

Ukilalamika, ambatisha vichwa kamili vya barua, yaani mistari ya kiufundi iliyofichwa inayoonyesha seva (kompyuta za kupitisha barua) ilizopitia. Mistari ya "Received" husomwa kutoka chini kwenda juu, ila ya chini huweza kughushiwa. Wa kuaminika ni ule ulioandikwa na seva ya huduma yako, wenye namba ya IP (anwani ya mtandao) ya kompyuta iliyoileta barua.

Kama uliingiza nywila kwenye ukurasa wa matapeli hao, ibadilishe leo na uwashe uthibitishaji wa hatua mbili. Kama ni namba ya kadi, pigia benki sasa hivi.