Historia ya kilimo ianzie kwenye jembe

Ukimwuliza mzee "zamani mlilimaje?" atakujibu kwa ufupi kwamba walilima kwa bidii na mvua zilikuwa nzuri. Mpe jembe kuukuu alishike, au tembea naye mipakani mwa shamba, utasikia mengine kabisa: nani alilifua, mpini ulichongwa mti gani, kwa nini lile bonde liliachwa likawa pori. Katika kukusanya habari za wakulima, hakuna kilichonisaidia kuliko hilo. Kina mama kaa nao peke yao. Mara nyingi wao ndio walioteua mbegu na kujua ghalani kumebaki nini, ila mbele ya kadamnasi wanaume huwatangulia kusema.

Mwaka usiulazimishe. Uliza kama jambo lilitokea kabla au baada ya mafuriko, nzige, au jua kupatwa. Tarehe za kupatwa kwa jua zinajulikana kwa uhakika, kwa hiyo zinaweza kukusaidia kukadiria mwaka plau ya kwanza ilipofika.

Karatasi nazo zina haraka yake. Risiti zinazochapwa kwa joto hufifia, kwa hiyo zipige picha leo. Pini zenye kutu ziondoe taratibu, na usibandike selotepu popote, kwani gundi yake hugeuka njano na kuharibu karatasi. Hati zinatosha kuskaniwa kwa nukta 300 kwa inchi, picha ndogo 600. Weka nakala tatu, moja ikae jengo jingine.

Kwenye kuchapisha, usingojee kitabu kikubwa. Kijitabu kuhusu mfereji mmoja au soko moja la mazao kinatosha, nami naamini kinasomwa zaidi. Kabla ya kukipeleka kiwandani, wasomee waliokusimulia sehemu zao, uwaombe ruhusa upya. Hapo kwenye mipaka ya mashamba kuwa mwangalifu mno: sentensi moja yaweza kuamsha kesi iliyolala. Familia mbili zikitofautiana, andika kauli zote mbili na useme ni za nani, kama wenyewe wameridhia. Usijifanye hakimu.

Omba ISBN, yaani namba ya kimataifa ya kutambulisha kitabu, na upeleke nakala maktaba ya taifa. Nchi nyingi zina sheria inayotaka nakala hizo zipelekwe. Nakala za mwanzo wape wasimulizi kabla hujauza hata moja. Ukurasa uwe na pambizo pana, maana watakusahihishia humo kwa kalamu, nawe utayahitaji masahihisho hayo kwa toleo la pili.