Maswali ya Wasomaji: Fedha Taslimu kwa Kaya Maskini za Vijijini

Tangu tulipogusia uhawilishaji wa fedha, yaani utaratibu wa kuipa kaya maskini fedha taslimu badala ya chakula, mbegu au vifaa, barua za wasomaji hazijakoma. Tumechagua nne ambazo hoja zake zinakaribiana.

SWALI: Ndugu Mhariri, kila fedha hizi zinapotajwa mbele yangu, huambiwa kwamba zinaishia kwenye pombe na kwamba zinawafanya watu wazima wenye nguvu waache kazi. Je, hilo limewahi kupimwa, au ni maneno ya barazani tu?
Mwalimu mstaafu

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Limepimwa, tena mara nyingi. Watafiti David Evans na Anna Popova walikusanya tafiti 19 za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini zilizochunguza kama wapokeaji huongeza matumizi ya pombe na tumbaku. Kwa ujumla hawakukuta ongezeko, na katika baadhi ya maeneo matumizi hayo yalipungua. Sababu mojawapo inayotajwa ni kwamba mtu aliyekuwa hana namna ya kulipia masomo ya mtoto au kununua mbolea, akishaipata namna hiyo, huanza kuona kila glasi kuwa ghali kuliko ilivyokuwa jana. Hata hivyo siwalaumu wanaoamini vingine, kwa sababu mlevi mmoja wa siku ya malipo huonekana na kijiji kizima, ilhali kaya iliyolipa deni lake siku hiyo hiyo haionekani na mtu isipokuwa mwenye kudai.

Kuhusu uvivu, mchumi Abhijit Banerjee na wenzake walichambua upya takwimu za majaribio 7 yaliyofanywa katika nchi 6, ambazo ni Honduras, Indonesia, Meksiko, Moroko, Nikaragua na Ufilipino, wasipate ushahidi wa kueleweka kwamba fedha hizi huwapunguzia watu moyo wa kufanya kazi.

Lakini lipo jambo ambalo jirani anaweza kuliona kwa macho yake na bado akalisoma vibaya. Tathmini za mipango ya fedha taslimu ya serikali za Zambia na Malawi zilionyesha kwamba wapokeaji walipunguza vibarua katika mashamba ya watu na kutumia muda zaidi katika mashamba yao wenyewe. Kwa mkulima mwenye uwezo, aliyezoea kubishiwa hodi na watu wanaotafuta kibarua wakati wa palizi, badiliko hilo linaonekana kama uvivu: watu wale wale waliokuwa wakimbembeleza mwaka jana, mwaka huu hawaji. Ukweli ni kwamba kibarua cha msimu wa palizi ni mtego. Anayekwenda kumpalilia mwingine ili apate chakula cha leo huliacha shamba lake likimezwa na magugu, huvuna kidogo, na msimu unaofuata hulazimika kurudi mlango ule ule akiwa na njaa zaidi. Fedha ndogo inayofika katika miezi hiyo haimwachishi kazi bali inamrudisha kwenye kazi yake mwenyewe, na huenda ndiyo maana wanaolalamika zaidi ni wale waliokuwa wakinufaika na vibarua vya bei rahisi.

SWALI: Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa. Tumebishana hadi tumechoka: ni bora kaya ipewe fedha zote kwa mkupuo, au kidogo kidogo kila mwezi?
Katibu wa kikundi

JIBU: Mmebishana kuhusu jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko mengine yote yaliyoulizwa hapa. Tumezoea kuuliza maskini atafanya nini na fedha, ilhali mara nyingi ratiba ya malipo inakuwa imeshamjibia.

Mwaka 2011 na 2012, huko Rarieda, magharibi mwa Kenya, shirika la GiveDirectly liligawa fedha kwa kaya zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, baadhi zikapewa kwa mkupuo na nyingine kwa miezi. Watafiti Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro waliona kwamba malipo ya kila mwezi yaliboresha zaidi upatikanaji wa chakula, na ya mkupuo yalikwenda zaidi katika vitu vya kudumu, hasa mabati ya kuezekea, ambayo huipunguzia kaya gharama ya kubadilisha nyasi za paa mara kwa mara. Ukiniuliza ni lipi kati ya hayo lililo bora, nitakuuliza kwanza kama kaya hiyo imekula. Mwenye watoto wenye njaa hawezi kungoja faida ya bati, na mwenye chakula cha kutosha hawezi kujenga kwa fedha ya mwezi mmoja.

Utafiti mkubwa zaidi nchini humo humo, uliohusisha vijiji 295, umeongeza jambo ambalo naamini litawafurahisha wanachama wenu. Vijiji vya kundi la kwanza viliahidiwa malipo ya kila mwezi kwa miaka 12, vya kundi la pili malipo kama hayo kwa miaka 2 tu, na vya kundi la tatu vikapewa kwa mkupuo kiasi kinacholingana na hicho cha miaka 2. Malipo ya mwezi yalikuwa sawa na takriban dola 0.75 za Marekani kwa siku kwa kila mtu mzima. Matokeo ya awali yalionyesha kwamba biashara ndogo zilikua zaidi katika kundi la mkupuo na katika kundi la miaka 12, na kwamba kundi la miaka 2 lilibaki nyuma. Watu wa miaka 12 walifanyaje, na hali kila mwezi walipokea kiasi kile kile kidogo? Walicheza upatu, yaani walichanga fedha zao za mwezi na kupokezana kwa zamu, wakajitengenezea wenyewe mkupuo ambao mpango haukuwapa. Mwenye uhakika wa miaka 12 anaweza kuahidi mchango wake bila woga, na wenzake wakamwamini hata kama zamu yake ya kupokea imekuwa ya kwanza.

Uhakika huo ukikosekana, kiasi cha fedha hakisaidii sana. Mpango wa fedha taslimu wa Ghana uitwao LEAP, ulioanza mwaka 2008, ulipitia kipindi ambacho malipo yalichelewa na kufika kwa kurundikana. Tathmini ya kipindi hicho haikuona ongezeko la matumizi ya kila siku ya kaya, ingawa ilionekana kwamba watu walipunguza madeni na kuweka akiba. Hilo halishangazi, kwa kuwa fedha isiyojulikana itakuja lini haiwezi kupangiwa chakula cha Jumanne. Kwa hiyo ushauri wangu kwa kikundi chenu ni kwamba, mkipata nafasi ya kuzungumza na wasimamizi wa mpango wowote, msianze na swali la kiasi gani. Anzeni na tarehe.

SWALI: Mhariri, mimi ni mjumbe wa kamati ya kijiji. Wanaopata wanafurahi, lakini walioachwa wananuna, na wenye maduka wanasemekana kupandisha bei. Je, tunasaidia wachache kwa kuwaumiza wengi?
Mjumbe

JIBU: Ndugu mjumbe, swali lako lina mambo mawili, na jibu la bei linategemea mahali.

Katika kaunti ya Siaya, Kenya, watafiti wakiwemo Edward Miguel na Paul Niehaus walifuatilia vijiji 653, ambako zaidi ya kaya 10,000 zilipewa takriban dola 1,000 za Marekani kila moja. Hizo zilikuwa fedha nyingi kwa eneo hilo, kiasi kinachozidi asilimia 15 ya pato lake la mwaka, na kwa hiyo kama bei zingepaa popote, zingepaa hapo. Zilipanda kwa wastani wa asilimia 0.1 tu. Kinyume na hofu yako, kaya ambazo hazikupewa chochote nazo ziliongeza matumizi yao, kwa sababu fedha za waliopata ziliingia madukani, kwa mafundi na kwa vibarua, na watafiti walikadiria kwamba kila dola iliyotolewa ilizalisha shughuli za kiuchumi zenye thamani ya takriban dola 2.5.

Nchini Ufilipino hadithi ilikuwa tofauti. Huko, katika vijiji vya mbali ambako sehemu kubwa ya kaya zilikuwa ndani ya mpango wa fedha taslimu wa serikali uitwao Pantawid, bei za vyakula vyenye protini vinavyoharibika haraka zilipanda, na udumavu ukaongezeka miongoni mwa watoto wa kaya ambazo hazikuwa kwenye mpango. Barabara ndiyo inayoeleza mengi hapo. Bidhaa zikiweza kuletwa upesi, mfanyabiashara anayepandisha bei atapokonywa wateja na mwenzake, lakini zisipoweza kuletwa, fedha zilizoongezeka hugombania chakula kile kile. Kwa kijiji kisichofikika nisingeona haya kupendekeza kwamba sehemu ya msaada iwe chakula chenyewe, angalau katika miezi ambayo njia hukatika.

Manung'uniko ya walioachwa ni jambo halisi pia, kwani hata Rarieda ilionekana kwamba wasiopewa waliridhika kidogo na maisha yao kwa kadiri majirani walivyopewa zaidi, ingawa hali hiyo haikudumu. Hapa kamati yako ina nafasi. Jaribio la vijiji 640 nchini Indonesia lililinganisha njia za kuwachagua walengwa, zikiwemo dodoso la mali na mkutano wa wanakijiji. Dodoso lilikuwa sahihi zaidi kidogo ukipima kwa matumizi ya kaya, lakini watu waliridhika zaidi na orodha iliyotoka mkutanoni, kwa sababu wanakijiji huujua umaskini ambao dodoso haliuoni, kama wa mjane mwenye nyumba nzuri aliyoachiwa na asiye na wa kumlimia. Mimi ningeanza na dodoso, kisha orodha ikasomwa hadharani na kila jina likaruhusiwa kupingwa kabla ya malipo ya kwanza.

SWALI: Watoto wangu wanasoma kwa sababu ya fedha hizi, na sharti ni kwamba wasikose shule. Nikisikia mpango unaisha, usingizi unanipotea. Zikikoma, nitabaki na nini?
Mama wa watoto wanne

JIBU: Mama, utabaki na kile kilichokwisha kubadilika na kuwa kitu kingine. Wilayani Zomba, Malawi, wasichana waligawanywa, wengine wakipewa fedha kwa sharti la kuhudhuria shule na wengine bila sharti. Wakati mpango ukiendelea, fedha zisizo na sharti zilipunguza ndoa na mimba za mapema kuliko zile zenye sharti, lakini malipo yalipokoma faida hiyo ilitoweka upesi. Iliyobaki ni ya wasichana waliokuwa wameshaacha shule na wakarudi kwa ajili ya sharti, kwa kuwa miaka ya masomo waliyoiongeza hakuna aliyeweza kuichukua. Sharti linalokubana leo linakuwekea akiba ambayo haiishi siku ya malipo ya mwisho.

Mali inayozalisha nayo hudumu, ila usiitarajie muujiza. Kaskazini mwa Uganda, vijana waliopewa ruzuku ya kuanzisha kazi za ufundi walikuwa na kipato kilichowazidi wenzao wasiopewa kwa asilimia 38 baada ya miaka 4. Baada ya miaka 9, wenzao walikuwa wamewafikia kwa kipato, ingawa waliopewa bado walikuwa na mali zaidi na wengi zaidi wakifanya kazi za ufundi.

Kwa upande wako, waulize wasimamizi malipo ya mwisho yatakuwa mwezi gani, na uwaombe wakujibu kwa maandishi. Ukishaujua mwezi huo, hesabu kurudi nyuma hadi leo, uone ni malipo mangapi yaliyosalia, na utenge baadhi yake mapema kwa ajili ya muhula wa kwanza wa shule utakaokukuta bila fedha hizo.